Maji Machafu Jikoni kwa Bi Mwantumu

Sitakuambia uitume kwa watu kumi ndiyo upate baraka, wala hakuna balaa litakalokupata ukiinyamazia. Isome tu mpaka mwisho. Kama kuna mtu atakujia akilini wakati unasoma, basi huyo ndiye wa kumpelekea.

Kulikuwa na nyumba sita za kupanga mjini Tanga, zimejengwa mstari mmoja, kila moja na jiko lake dogo na sinki lake. Chini ya majiko yote sita ilipita paipu moja. Ilianzia nyumba ya kwanza, ikateremka taratibu hadi nyumba ya sita, halafu ikamwaga maji kwenye chemba nyuma ya ukuta. Nyumba ya tatu nilikaa mimi. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mengine niliyaona na mengine niliyatenda, na hayo niliyoyatenda sijivunii.

Nyumba ya sita, ya chini kabisa, aliishi Bi Mwantumu. Mjane, mwembamba, miaka sabini imeshampita, hana mtoto wala mjukuu. Kila asubuhi alikaanga bagia na kuziuza mlangoni kwake. Yeye ndiye alikuwa mpangaji wa kwanza tangu nyumba zile zijengwe, miaka minane nyuma, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya jiko lile.

Siku moja maji yakagoma. Mama Tausi wa nyumba ya kwanza ndiye aliyeanza kulalamika, na Mama Tausi akilalamika, mtaa mzima unapata habari. Sinki lake limejaa, maji ya kuoshea sahani yamesimama tu yanamtazama. Kesho yake ikawa kwa Mwalimu Hiza wa nyumba ya pili, kisha kwangu, kisha kwa wengine.

Basi kila mtu akageuka mtaalamu. Mwalimu Hiza alikamua ndimu ndani ya kikombe cha magadi, povu likapanda, likamwagika mezani, na kilichobaki akakimimina sinkini kwa madaha kana kwamba yuko mbele ya darasa. Mama Tausi alimaliza chupa nzima ya siki. Mimi nilimwaga soda, ile nyeusi ya kunywa, kwa sababu dada yangu aliniambia inakula hata kutu. Nyumba ya nne walichokoa kwa waya wa kutundikia nguo. Nyumba ya tano wakaweka chumvi na majivu.

Na kweli, kila mmoja kwake maji yakaenda. Tulikutana uani tukipongezana na kupeana siri za dawa zetu.

Ila kwa Bi Mwantumu yakapanda. Kila tulipozibua huku juu, kule chini yalibubujika sinkini kwake, meusi, yamebeba punje za wali wetu na majani ya chai yetu, yakafurika mpaka sakafuni. Asubuhi anayazoa kwa kopo, jioni anayazoa kwa kopo. Bagia akaacha kukaanga, maana nani atanunua chakula kwenye nyumba inayonuka vile?

Sasa nikuambie tulivyofikiri, maana hapo ndipo penye aibu. Tulisema hivi: kwetu maji yanaenda, kwake yanafurika, basi aliyeziba ni yeye. Ni mafuta ya bagia. Mtu anakaanga kila siku ya Mungu miaka minane, mafuta hayo yanakwenda wapi? Mama Tausi alilitamka kwanza, Mwalimu Hiza akalifafanua kisomi, na mimi nikasema, "Ni kweli." Maneno mawili tu. Lakini niliyasema mbele ya mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Shemboko. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuamua haraka ili akapumzike. Alisimama mlangoni kwa Bi Mwantumu, leso puani.

"Bi Mwantumu, wenzako watano wote wanalalamika. Ijumaa saa tano nitapita hapa kabla ya kwenda msikitini. Nikute maji yanaenda. Yasipoenda, mama, itabidi utafute pengine."

"Nimekusikia, baba," akajibu. "Ila mafuta yangu sijapata kuyamwaga sinkini hata siku moja. Nayachuja, nayaweka kwenye kopo, nawashia jiko."

"Sasa mbona uchafu unatokea kwako?"

Bi Mwantumu akainama, akaendelea kuzoa maji kwa kopo. Sisi tuliokuwa uani tukatazamana, kama watu waliopata ushahidi.

Alhamisi adhuhuri akapita mlango kwa mlango. Amejifunga kanga vizuri, kama mtu anayekwenda shughulini. Alipofika kwangu nilijiandaa kwa ugomvi, hata maneno ya kujibu nilikuwa nayo tayari.

"Mwanangu, nina ombi," akasema. "Kesho tangu alfajiri usimwage maji kabisa. Saa nne weka magadi makavu, viganja viwili, kwenye tundu la sinki. Usichanganye na kitu. Yaache mpaka saa tano. Wakati huo chemsha maji, sufuria kubwa kuliko zote uliyo nayo, uipue, ipoe kidogo, maana maji yanayotokota yanalainisha paipu. Ukisikia nagonga sufuria yangu kwa mwiko, mimina yote kwa mkupuo."

"Na siki je, bibi? Ndimu?"

"Siki ya nini? Mnachanganya kwenye kikombe, povu linaishia kikombeni. Mnalifurahia kwa macho, kwenye paipu yanafika maji matupu."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. "Lakini bibi, kwangu maji yanaenda. Mimi niweke magadi ya nini?"

"Yanaenda wapi?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, akaenda mlango wa nne. 

Mama Tausi mwanzoni alikataa katakata kusafisha uchafu wa mtu mwingine. Mwalimu Hiza akasema tujaribu, angalau mama wa watu asije akasema tulimnyima hata magadi. Tulikubali kwa udadisi zaidi kuliko huruma, nisikudanganye.

Ijumaa ilipofika saa tano kasoro, Bi Mwantumu akanifuata. "Sufuria yako muachie mumeo. Wewe njoo unishikie." Kwa nini alinichagua mimi, sijui mpaka leo.

Tangu maji yaanze kufurika sikuwahi kuingia jikoni mwake. Nilitazama ukuta, ulikuwa na mstari mweusi hadi usawa wa kifundo cha mguu. Kitanda chake, nilichokiona kupitia mlango, alikuwa amekiinua kwa matofali. Nikaona haya, nikainamisha macho.

Alikunja kitambaa mara kadhaa, akakiweka juu ya tundu la sinki, juu yake akaweka kibao cha kusukumia chapati. Akaweka viganja vyake hapo.

"Maji ya nyumba tano yanakuja," akasema. "Siku zote yanakuta mlango wangu uko wazi, yanapumzikia hapa. Leo tunaufunga. Yatafute njia yake yenyewe. Weka mikono yako juu ya yangu."

Mzee Shemboko alikuwa ameshafika, amevaa kanzu nyeupe, amesimama nje kwenye chemba pamoja na majirani wawili watatu waliokuja kushangaa. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa. Bi Mwantumu akachukua mwiko kwa mkono mmoja, akagonga sufuria mara tatu.

Nilisikia maji ya Mama Tausi yakianza mbali kule juu. Kisha ya Mwalimu. Kisha ya kwangu, mume wangu akiyamimina. Kisha sikuweza kutofautisha tena. Chini ya miguu yetu sakafu ikaanza kuvuma.

Halafu kile kibao kikainuka.

Ndugu yangu, nimeshafua mahema, nimeshasukuma gari lililokwama matopeni, lakini nguvu ile sijaisahau. Ilikuwa inasukuma kwenda juu, ya moto, na maji meusi yakaanza kuchuruzika pembeni mwa kitambaa yakituunguza vidole. Bi Mwantumu hakuondoa mkono.

"Kandamiza, mwanangu."

Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Na hapo ndipo kitu kikaniingia ambacho hakijanitoka. Yalikuwa ni masufuria matano tu ya jikoni. Kila siku nilikuwa namwaga yangu nageuka naondoka, na sikuwahi kufikiri kwamba maji niliyoyamwaga yana uzito, na kwamba kuna mtu kule chini anaupokea uzito huo peke yake. Leo nilikuwa naupokea naye.

Tulikaa hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha kukawa kimya. Mvumo ukakoma. Nikadhani tumeshindwa, nikamtazama usoni, naye alikuwa amefumba macho.

Kutoka chini kabisa ikaja sauti nzito, kama mtu mkubwa anasafisha koo. Na kile kibao kilichokuwa kinatusukuma kikavutwa kwenda chini, kikang'ang'ania kwenye tundu, kana kwamba kuna mkono umekishika upande wa pili. Hewa ikapiga mluzi pembeni mwa kitambaa.

"Subhanallah," akasema Bi Mwantumu kwa sauti ndogo. 

Tulipokibandua, tundu lilikuwa jeupe na tupu. Ukiweka kiganja juu yake unahisi hewa ikishuka. Nje watu walikuwa wanaitana, tukakimbilia huko.

Chemba ilikuwa imejaa povu. Povu jeupe, zito, linatiririka kutoka mdomo wa paipu bila kukoma, na kwenye harufu ile mbaya kulikuwa na harufu nyingine ambayo hakuna aliyeitegemea, harufu ya nguo zilizofuliwa.

"Ni sabuni," akasema Bi Mwantumu. "Mafuta ya masahani yenu yamekaa na magadi saa nzima, yakapata maji ya moto, yamekuwa sabuni. Tulipokuwa wadogo tuliipika hivi hivi nyumbani."

 Uchafu ule ule tuliougombania siku zote hizo ulikuwa unatoka mweupe mbele ya macho yetu, na sote tukasimama kuutazama mpaka povu likaanza kupungua.

Chini ya povu kulikuwa na donge kubwa, ukubwa wa papai. Mama Tausi akasema haraka, "Haya, unga wa bagia huo."

Mwalimu Hiza akalivuta kwa kijiti, akalimwagia maji. Magamba ya mafuta yakabanduka, machicha ya nazi yakabanduka, na nywele, na majani ya chai. Ndani yake hakukuwa na bagia. Kulikuwa na mfuko wa saruji, umeviringishwa kwa nguvu na kufungwa kwa kamba ya katani.

Mzee Shemboko akachuchumaa na kanzu yake. Akaugeuza ule mfuko, akaishika kamba, akaifuata kwa kidole hadi mwisho wake ulipochomekwa ndani.

"Hii nimefunga mimi," akasema. "Tulikuwa tunafunga hivi mashambani kwenye mkonge, nikiwa kijana."

 Akaendelea mwenyewe, hata hatukumuuliza.

"Paipu hii niliitandaza kwa mkono wangu. Siku ya kumwaga zege niliziba mdomo wake na mfuko, zege lisiingie. Nikasema kesho nitautoa. Kesho yake nikapigiwa simu kutoka Lushoto, mama yangu amefariki. Niliporudi mafundi walikuwa wameshamaliza sakafu. Nikasahau."

Miaka minane maji yalikuwa yanajipenyeza kwenye nyuzi za mfuko ule, mpaka mafuta tuliyoyazibua kwenye masinki yetu na kuyasukuma chini yalipoziba hata nyuzi. Na yalipokosa pa kupita yalirudi kwenye sinki lililo karibu zaidi. Mama Tausi alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga. 

Mzee Shemboko akainua uso. "Ulijua, mama?"

"Nilijua si mimi, basi," akasema Bi Mwantumu. "Ningejua ni wewe ningekuja kukuambia siku ile ile, nisingezoa maji machafu majuma mawili."

Mimi nikajikaza. "Lakini bibi, ulipita milangoni kwetu, wote tunajua tulivyokusema. Mbona hata tusi moja hukututukana?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nilikuwa na haja na maji yenu ya moto," akasema, akaondoka kwenda kuosha mikono.

Mzee Shemboko akauweka chini ule mfuko. Kisha akamfuata ndani. Tulimwona akivua kanzu na kuitundika kwenye msumari wa mlango, akabaki na fulana na msuli. Akachukua brashi na kopo, akapiga magoti, akaanza kuisugua sakafu ya jiko la mpangaji wake, kwenye kona kabisa, palipo na mstari mweusi. Bi Mwantumu akamwambia, "Inuka, baba, utachelewa msikitini." Hakuinuka. Msikitini siku ile alifika hotuba imeshaanza, nywele zake bado zimelowa maji ya kuoga.

Na sisi kila mtu akaenda kwake kutafuta tambara. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulirudi watano, tukapiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nilisafisha uchafu wangu mahali ulipokuwa unafikia.

Funzo: Yule ambaye tatizo linaonekana kwake si lazima awe ndiye aliyelianzisha, huenda amebeba la kwako, na la kwangu, na la mkubwa ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza.