Mpaka wa Hatua Ishirini

Hapo zamani za kale, wanangu, kulikuwa na bonde moja lililojaa nyasi, nyasi tupu, mpaka macho yanachoka. Upande wa mlima shamba lilikuwa la Bwana Nyati. Upande wa mto lilikuwa la Bwana Kiboko. Kichaka kikichomoza tu, kacha! Kimeng'olewa. "Cha nini hiki? Kinatubania nyasi zetu!"

Katikati ya majitu hayo aliishi Bi Digidigi na mumewe. Mnamjua digidigi? Ni paa mdogo, hata mbuzi humwona mtoto. Na huyu mama alikuwa na uchungu moyoni. Digidigi akizaa humlaza mtoto kichakani mpaka apate miguu ya kukimbilia. Bonde lile halikuwa na kichaka hata kimoja. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na Tai. Wa pili, vilevile.

"Mume wangu," alisema siku moja, "sizai tena mpaka nipate kichaka cha kumfichia mtoto."

"Utakipata wapi, mke wangu? Nyati ana pembe, Kiboko ana meno. Sisi tuna nini?"

"Tuna ugomvi wao."

Maana wale mabwana, jamani, hawakuwa na siku ya amani! Asubuhi moja walipokuwa wakikabana makoo, Bi Digidigi akajipitisha hapo, kikapu kichwani.

"Shikamooni, mabwana zangu! Watu wazima, mnagombea nini?"

"Huyu mwizi kala nyasi zangu!" akanguruma Nyati.

"Mwizi ni wewe!" akafoka Kiboko.

"Kwani mpaka wenu uko wapi?"

"Si pale penye jiwe!" Nyati akageuka. "Ala! Jiwe liko wapi?"

"Jiwe husogezwa," Bi Digidigi akasema kwa upole. "Mpaka wa watu wenye heshima zao hupandwa. Nyinyi tifueni nyasi, mimi nitapanda alama. Ila mpaka huo una miiko: hauliwi, haukanyagwi, hauvunjwi. Atakayevunja hata kijiti, huyo ndiye mwizi, na shamba lake lote ni la mwenzake."

"Nakubali!" akasema Kiboko. "Najua nani atavunja."

"Hata mimi namjua!" akasema Nyati.

"Basi, upana wake uwe hatua moja."

"Moja?" Nyati akaruka. "Jitu lenye tumbo lile? Akilala tu, keshavuka! Ziwe tano!"

"Tano? Na shingo lako hilo? Kumi!"

"Ishirini!"

"Ishirini, na ziwe hatua zangu, si zako!" akafoka Kiboko.

Bi Digidigi akauma midomo asicheke. "Ishirini? Mabwana zangu, si mtajinyima nyasi?"

"Hebu nyamaza! Tumeshasema ishirini!"

Haya, kazi ikaanza. Nyati kwa kwato, tifu! tifu! Kiboko kwa meno, gwa! gwa! Mizizi ya nyasi ikakaa juu, jua likaikausha. Mumewe Bi Digidigi alitaka kupanda siku ileile, lakini mkewe akamzuia. Alizijua nyasi zile, hazifi mara moja.

Kweli, baada ya siku chache zikachipua tena. Bi Digidigi akaenda mbio kwa Kiboko. "Bwana wangu, nyasi zimerudi mpakani! Mwenzako si atasema ni zake?" Kisha kwa Nyati, maneno yaleyale. Wee! Wakatifua mara ya pili, kwa hasira kuliko ya kwanza.

Mvua ilipokaribia, yeye na mumewe wakakwea majabali ya mbali, ambako vichaka vya asili vilikuwa vimebaki, wakaokota mbegu moja moja: za mkole, mkunazi, mgunga, mswaki. Hii ndiyo mimea iliyokuwa bondeni kabla ya nyasi kutawala. Wakazifukia mbegu zote pale mpakani.

Mwaka wa kwanza miche ilifika goti la digidigi, na goti la digidigi, wanangu, si kitu! Nyasi zikataka kuisonga. Nani aliipalilia? Nyati upande wake, Kiboko upande wake, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Ng'ombe mgeni akitaka kuonja jani, wote wawili wanamfukuza. Mimi huyu mama namvulia kofia.

Mwaka wa nne kichaka kilimpita Nyati kimo. Kwale wakaja, wakataga. Nyuki wakaja, vuuu! Ndege chozi wakaja kufyonza maua. Na Bi Digidigi akazaa.

Tai akazunguka juu, akazunguka, akatumbua macho. Aliona majani tu. Akaenda zake na njaa yake. Bi Digidigi alilia kwa furaha, akamlamba mwanawe mpaka akalowa chapachapa.

Siku hiyohiyo Nyati akasimama, akakitazama kichaka kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kiboko! Hebu njoo. Huu ni mpaka au msitu?"

"Lo! Tumechezewa! Digidigi, toka nje!"

Bi Digidigi akatoka. Mwanawe alikuwa hatua tatu nyuma yake, na moyo wa mama ulikuwa unampiga du! du! du! Nyati akainamisha pembe. "Leo naufyeka wote!"

"Fyeka, bwana wangu," akasema, sauti haitetemeki. "Ila Bwana Kiboko yupo hapa, anaona."

Kiboko akachangamka. "Ehe! Vunja kijiti kimoja tu, shamba lako langu!"

Pembe zikabaki hewani. "Basi anza wewe."

"Nianze mimi? Mjinga nani?"

"Anza!"

"Anza wewe!"

Wakasimama wanatazamana mpaka jua likawa la utosi na likaanza kuwachoma. Mwishowe Nyati akapumua, puuu! Akajitupa chini ya mgunga, upande wake. Kiboko naye akajilaza chini ya mkole, upande wake. Mgongo wake haukuungua, na hilo halikuwahi kumtokea bondeni.

"Digidigi," akaita, jicho moja limefumbwa, "huu mpaka... hauwezi kuongezwa hatua tano hivi?"

Ndivyo ilivyo, wanangu: asiye na nguvu za kupigana na wakubwa, atafute kazi ambayo ugomvi wao unaweza kumfanyia.