Mtu Aliyechimbiwa Kaburi Bustanini

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Nyinyi mliokaa upande wa moshi mna ruhusa ya kukohoa, lakini hawa wengine wameshiba, basi waitikie kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale hiyo, kale ya zamani, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwa bado wanasikiliza, palikuwa na mwanamume akiitwa Sekiondo. Alikuwa na mke, alikuwa na kuku, alikuwa na kiwanja nyuma ya jiko. Mke aliitwa Mwanjaa. Kuku aliitwa Kuku, maana hakuna aliyejisumbua. Kiwanja hakikuwa na jina kwa sababu hakikuwa na kitu.

Sekiondo hakuwa mvivu wa kulala. Muelewe hapo, maana wavivu wako wa aina nyingi na wengine nawaona hapa wamekaa. Yeye alikuwa mvivu wa kupanga. Vuli ilipokaribia, wakati wenzake wanatoa mbegu vibuyuni na kubeba samadi kutoka zizini, yeye alitoa kamba na vijiti. Alichomeka kijiti hapa, akafunga kamba pale, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. "Hapa mchicha," anasema. "Pale nyanya. Kule bamia." Mwanjaa akimwambia, "Mume wangu, tazama mawingu," yeye humjibu, "Kwanza mpango, jembe baadaye."

Vuli ya kwanza ikanyesha, ikaondoka, na Mwanjaa akaenda kwa jirani kuomba mchicha. Vuli ya pili ikanyesha, ikaondoka, akaenda kuomba bamia. Vuli ya tatu jirani alimwona kwa mbali anakuja na ungo, akaingia ndani akafunga mlango. Mwanjaa alisikia komeo likishuka.

Siku ile alirudi kwa mama yake. Hakugombana na mtu. Alikunja kanga zake, akamuaga Kuku, akaondoka.

Sekiondo aliumia. Alimpenda yule mwanamke, tena sana, na nyumba bila yeye ilimshinda kukaa. Akamfuata ukweni. Mama mkwe wake, Bi Mwantumu, alimjibu kutoka nyuma ya mlango, maana mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni.

"Mwanangu sikumzaa azunguke na ungo," alisema. "Vuli inayokuja ikiisha nitafika kwako. Nikikuta chungu kina mchicha, nyanya na bamia za kiwanja chako, mke unaye. Nisipokuta, usiniulize tena."

Sasa mtu mwenye akili angeshika jembe. Sekiondo alishika kamba. Alipanga siku saba, na sitaki kusema uongo, mpango ulikuwa mzuri. Bamia ndefu zilikaa mwisho, zisiuzibie mchicha jua. Nyanya zilikaa karibu na jiko, maji ya kuoshea vyombo yazifikie. Mchicha ulipewa matuta manne, uwe unachumwa huku mwingine unaota. Kilichopungua ni mtu wa kulima tu.

"Nani atalima?" Kuku aliuliza.

Sekiondo akafikiri mpaka jasho likamtoka. Halafu akacheka. "Ninao watani," alisema.

Watani wake walikuwa Ngedere, tangu babu na babu. Mnajua utani ulivyo. Mtani wako anakutukana na hukasiriki, anachukua kitu chako na hudai. Lakini siku ukifa, hakuna mwingine wa kukuchimbia kaburi ila yeye. Basi Sekiondo alipiga hesabu yake vizuri: mtani huchimba nikifa, kwa hiyo nikifa, mtani atachimba. Akamwita Kuku, akampa wasia, akajilaza kitandani, akajifunika shuka jeupe mpaka utosini.

Kuku akapanda juu ya paa. "Jamani, Sekiondo amekufa," akatangaza. "Kafa kwa kufikiri."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kwa mtu kama yule, ugonjwa huo waliuona unawezekana kabisa.

Ngedere wakateremka kutoka msituni, kundi zima, na mkubwa wao mbele. Kuku akawasomea wasia: marehemu amesema azikwe nyuma ya jiko, kwenye kaburi lenye urefu wa hatua kumi na mbili na upana wa hatua sita, kina chake shubiri moja tu, tena ligawanywe matuta manane na vijia katikati.

Ngedere mkubwa alikuna tumbo. "Marehemu alikuwa na miguu mingapi?" aliuliza.

"Miwili," Kuku akajibu.

"Basi atachimbiwa kaburi la miguu miwili."

Wakachimba. Walichimba shimo moja, jembamba, refu kwenda chini, katikati kabisa ya kiwanja, wakakata kamba zote na kung'oa vijiti vyote kwa sababu viliwakwaza. Waliochoka kuchimba wakaingia ndani kuchukua haki yao ya utani. Mmoja akachukua kigoda. Wa pili akachukua jembe. Ngedere mkubwa akachukua kanzu ya marehemu, akaivaa, akaokota kamba, akaanza kutembea mbele ya waombolezaji huku amefumba jicho moja. "Hapa pua," alisema, akipima uso wa mzee mmoja. "Pale sikio. Kwanza mpango, jembe baadaye." Watu waliokuja kulia wakacheka mpaka wakashikana mabega. Chini ya shuka, Sekiondo alisikia yote. Alitaka kukasirika, lakini maiti hakasiriki, na mtani hakasirikiwi, kwa hiyo alizuiwa mara mbili.

Kisha akasikia sauti aliyoifahamu. Mwanjaa alikuwa amefika na mama yake, mbio, bila viatu. Alikaa chini kando ya kitanda na hakupiga kelele kama wanavyofanya wale wanaolilia pilau.

"Nilimwacha anachora," alisema. "Nilijiambia nitarudi na nitamkuta bado anachora. Nilitaka nimkute, hata kama anachora." Akalia kwa kweli.

Sekiondo aliona aibu hata akatamani afe kikweli, angalau kuwapunguzia watu usumbufu. Ngedere wanne walipomnyanyua kumpeleka shimoni, akaketi.

Nyumba ilitapika watu. Walitokea mlangoni, walitokea dirishani, mmoja alitokea mahali ambapo mpaka leo hapajazibwa. Waliobaki ni Mwanjaa, Ngedere mkubwa, na Bi Mwantumu, ambaye hakukimbia kwa sababu alikuwa anatafuta kitu cha kumpigia mkwewe. Alipata mwiko. Alisahau kwamba haruhusiwi kumtazama usoni; alimtazama, akampiga, akamtazama tena.

"Mwanangu, twende," alisema alipochoka. "Huyu si mtu."

"Ngoja, bibi," Ngedere mkubwa akasema. "Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Hiyo ni mila yetu na ni mila yenu." Na kweli ilikuwa mila. Basi wakakata shina la mgomba, wakalifunga kwa lile shuka jeupe, wakalizika kwa jina la Sekiondo na kufukia. "Sekiondo amezikwa," Ngedere akatangaza. "Mwanjaa ni mjane."

"Vizuri," Bi Mwantumu akasema. "Mjane wangu, twende."

"Mjane haondoki," Ngedere akasema. "Mjane hukaa eda nyumbani mwa marehemu, miezi minne na siku kumi. Mila hiyo nayo hamkuikopa kwetu."

Bi Mwantumu alishusha mwiko. Mila zake mwenyewe zilikuwa zimemfunga kwa kamba yake. "Na nani atamlisha?" aliuliza.

Wote watatu wakamtazama marehemu.

"Basi ahadi yangu iko palepale," Bi Mwantumu alisema. "Siku ya kumtoa eda nitakuja kutazama chungu." Akaondoka, na mwiko akaenda nao.

Siku ya pili yake mvua ya kwanza ikanyesha. Mwanjaa alikuwa ndani na haruhusiwi kuvuka kizingiti. Sekiondo alikuwa nje, analala barazani, maana marehemu hana kitanda. Jembe limekwenda na watani. Alichonga mti ncha, akaanza kufukua udongo. Kufika adhuhuri viganja vilikuwa vimevimba malengelenge. Akasimama, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Wewe marehemu," Mwanjaa akasema kutoka dirishani, "fumbua hilo jicho."

Mnaona alivyokuwa anamsemesha? Mwanamke wa eda hasemi na wanaume ovyo. Lakini kuna mila gani iliyokataza kusema na maiti?

Mara ya kwanza Sekiondo alifukia mbegu za mchicha chini kabisa, kama anaficha dhahabu. Hazikuota. "Mbegu ndogo namna ile unaizika ya nini?" Mwanjaa alisema. "Changanya na mchanga, nyunyiza juu, pitisha tawi." Mara ya pili alinyunyiza juu, ukaota, na Kuku akauparua wote asubuhi moja. "Sikujua kama ni wako," Kuku alisema, "kiwanja hiki hakijawahi kuwa na kitu." Mara ya tatu alinyunyiza, akazungushia miba, akamfunga Kuku kamba mguuni. Kamba ile hatimaye ilipata kazi.

Ukaota, tena ukashika. Mbegu za nyanya alizimwaga kwenye kitalu, akazitilia kivuli cha makuti, na miche ilipokuwa na majani manne akaihamisha jioni, mmoja mmoja. Bamia alizipanda mwisho wa kiwanja, kama ilivyokuwa kwenye mpango. Nimesema mpango ulikuwa mzuri, wala sikatai. Katikati, juu ya kaburi lake mwenyewe, udongo ulikuwa umechimbwa kwa kina na mgomba ulikuwa unaoza chini. Nyanya zilizozidi alizipanda pale, zikazaa mpaka zikahitaji kushikiliwa kwa miti. Watu walipita wakitazama wanasema, "Marehemu anazaa vizuri." Sekiondo aliitikia na kuendelea kupalilia.

Wadudu walikuja, akawanyunyizia majivu. Jua lilikuja, akachota maji mtoni, ndoo kwa ndoo. Mwezi wa pili malengelenge yaligeuka sugu. Mwezi wa tatu jirani yule alikuja na ungo kuomba mchicha, na Sekiondo alitazama komeo la mlango wake mwenyewe, akatazama ungo, akamjazia.

Miezi minne ikaisha, na siku tisa juu yake. Siku ya kumi Bi Mwantumu alifika kumtoa mwanawe eda. Ngedere mkubwa alikuja pia, amevaa ile kanzu. Bi Mwantumu hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua chungu. Mchicha upo. Nyanya zipo. Bamia zipo, zinavutika kama inavyotakiwa. Alikwenda akatazama kiwanja asije akadanganywa, akarudi, akaketi, akala. Alikula ungo mzima wa ugali, na Sekiondo alisimama mlangoni akihesabu matonge.

"Mboga nimeziona," Bi Mwantumu alisema, akijifuta mdomo. "Lakini mimi niliahidiana na mkwe wangu, na mkwe wangu tulimzika. Mwanangu ameshatoka eda. Kuanzia sasa ni mwanamke huru. Mwenye kuposa aseme, na yeye atajibu kwa kinywa chake."

Sekiondo hakuwa amelipanga hilo. "Ninaposa mimi," alisema. Hakuongeza kitu, na Kuku alikiri baadaye kwamba hajawahi kumsikia akisema maneno machache vile.

Wote wakamgeukia Mwanjaa. Alivuka kizingiti ambacho hakuwa amekivuka tangu vuli ilipoanza, akazunguka kiwanja taratibu, akainama akang'oa gugu moja lililokuwa limesahaulika. Kisha akamshika Sekiondo mkono, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Mama," alisema, "yule wa kwanza nilimpenda, na nilimlilia kwa haki. Lakini alikuwa na maneno mengi na viganja laini. Huyu simjui vizuri, nimemwona kupitia dirishani tu. Nipeni huyu. Na yule mwingine, popote alipolala, mwambieni asiamke."

Nami hadithi yangu naishia papo hapo. Aliyecheka akachote maji, na aliyesinzia aamshwe akaoshe vyombo, maji yake ayamwage kwenye nyanya.