Damu Haina Kitambi

Damu haina kitambi. Ndiyo, mmeisikia kwa yule sista wa zahanati asubuhi hii, mkacheka, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Ninayowaambia ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa ikaanikwa juani. Nikiongeza chumvi hata punje moja, ulimi wangu na uote ukoko! Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Kondoa palikuwa na mchinjaji mmoja, Swalehe Dule. Mwembamba, jamani! Akigeuka ubavu, mbwa walibweka wakidhani kisu kinatembea peke yake. Hapakuwa na harusi wala akika ya mtoto mchanga iliyofanyika bila yeye. Na mila ya kijiji kile ilikuwa hivi: kondoo akishachinjwa, mkia wake mnene huyeyushwa, na kikombe cha kwanza cha mafuta ni haki ya mchinjaji. Mwingine angeonja kwa adabu tu akarudisha. Dule hakuonja, alikigugumia chote, cha moto, kisha akajipangusa midomo na kusema, "Mafuta yanaingia, mwili hauoneshi. Huu ndio mwili wa mwanamume!"

Kikombe chenyewe kilikuwa cha marehemu kaka yake, na kabla ya hapo cha baba yao. Wote walikuwa wachinjaji, wote wembamba, na wote walianguka ghafla mchana kweupe, kaka akiwa na kisu mkononi. Watu walisema ni kijicho. Dule naye aliamini hivyo hivyo.

Mtani wake alikuwa Ntandu, Mnyaturu mkulima wa kunde, mwenye kitambi ambacho ungeweza kuweka sinia la wali juu yake na lisimwagike. Hawa wawili walikuwa hawapishani njiani bila kuchokozana.

"Ntandu bwana," Dule angeanza, "hicho ni kitambi au umemeza ngoma ya harusi?"

"Bora mimi, mtani. Wewe ukifa hatuchimbi kaburi. Tunakuchomeka kwenye ala ya kisu chako, basi!"

Sasa, ikabaki siku moja Dule amwoze binti yake Mwajabu. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na wauguzi kutoka wilayani walikuja wakasimamisha turubai, wakatangaza kwamba wanapima mafuta katika damu. Dule aliposikia hapo neno mafuta, masikio yakamsimama. Akamvuta Ntandu mkono mpaka mbele ya watu.

"Sikilizeni!" akapaza sauti. "Damu yangu ikishindwa na ya pipa hili, kikombe cha baba yangu kitakuwa chake, kuanzia harusi ya kesho!"

Watu wakaguna. Kikombe kile ndicho kilichokuwa jina la Dule. Aende harusini kwa bintiye bila kikombe? Si afadhali aende bila kanzu!

Ntandu akajipiga tumbo, likaitika. "Na yangu ikishindwa, nitakubeba mgongoni, nizunguke mnada mzima nikilia kama kondoo!"

Weee! Mnada ukafungwa papo hapo. Ng'ombe walibaki wanauzana wenyewe. Watu wakalizunguka turubai mpaka likainama. Sista Elineema, muuguzi aliyekuwa na kile kimashine kidogo cha kupimia, akamchoma Ntandu kidole, akasubiri, akasoma: "Mia moja sabini na tano."

Akamchoma Dule. Damu ikakataa kutoka, ikabembelezwa, ikatoka. Sista akakitazama kimashine, akakipangusa, akapima tena kwa kidole kingine. "Babu," akasema polepole, "mia tatu na kumi."

Dule aliruka! Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupima kondoo kwenye mzani, na kwenye mzani nani asiyejua? Kubwa ndilo linaloshinda. Hakungoja maelezo. Akamrukia Ntandu mgongoni, miguu ikining'inia huku na huku kama kamba za viatu.

"Lia, mtani! Lia wasikie!"

"Mee!" akalia Ntandu, maana ahadi kwa mtani hairudishwi. "Meee!" Wakapita kwenye vitunguu, wakapita kwenye mitumba, vigelegele juu, vumbi juu, mpaka kondoo wa kweli nao wakaanza kuitikia. Dule alijiona sultani. Nyuma yao akaja Sista Elineema akikimbia, glavu mkononi.

"Babu, shuka! Shuka!"

"Nishuke nini, sista? Nimeshinda!"

"Umeshindwa! Hapa hatupimi kondoo, babu. Inatakiwa iwe chini ya mia mbili. Wewe umepita mbali!"

Vigelegele vikakatika.

"Kimashine chako kibovu," Dule akasema akiwa juu bado. "Niangalie! Mwili huu mafuta yatakaa wapi?"

"Yamo kwenye damu. Yanaitwa kolesteroli, au lehemu. Mwili unaihitaji kidogo, na ini hujitengenezea lenyewe. Ikizidi hujibandika kwenye kuta za mishipa, njia inazidi kuwa nyembamba. Haiumi, haiwashi, haionekani. Siku njia ikiziba, moyo unasimama au mtu anapooza." Kisha akauliza kwa upole, "Kwenu kuna waliowahi kuondoka ghafla?"

Dule aliuona tena mkono wa kaka yake ukiachia kisu. Kijicho alichokilaani miaka yote hakikuwa na mwenyewe. Akateremka taratibu kutoka mgongoni, akasimama mbele ya Sista.

"Sista, namwoza mwanangu kesho. Nitamwoza?"

"Utamwoza, na wajukuu utawabeba, ukisikia. Lehemu nyingi namna hii mara nyingine hurithiwa, ndiyo maana utahitaji vidonge, na usiviache kwa kuwa unajisikia mzima. Na yale mafuta ya mkia yanaiongeza. Kula kunde, maharage, mboga na matunda. Mafuta ya alizeti, kidogo. Na utembee kila siku."

Ntandu alikuwa bado anahema. Akamtazama mtani wake, akajishika tumbo. "Kumbe ndivyo! Damu haina kitambi, mtani. Changu kiko nje, hata mbuzi wanakiona. Chako ulikificha."

"Na wewe usijisifu," Sista akamgeukia. "Damu yako ni nzuri, lakini hicho kitambi kipungue. Kina magonjwa yake."

Harusini kesho yake, mafuta yakaletwa, yakifuka moshi. Dule akakishika kikombe cha baba yake, harufu ikampanda puani, koo likameza lenyewe. Kisha akakitoa kwa mikono miwili. "Chukua, mtani. Nataka kuishi."

Ntandu hakunywa hata tone. Akatoka nayo, akapaka bawaba za milango ya kijiji kizima, na mpaka leo, haki ya Mungu, milango ya kule haijawahi kulia tena. Dule akawa anameza vidonge vyake kila jioni, na kila alfajiri anapanda mlima na Ntandu kwenda shambani kwenye kunde. Walipanda na kushuka mpaka mlima ukapungua kimo. Alipopimwa tena baada ya miezi mitatu, alikuwa chini ya mia mbili, na akamwoza hadi mjukuu.

Basi mtu wa kule akijigamba kwa wembamba wake, wanamwambia...

"Babu," akanikatiza Tabu, huyu mjukuu wangu mjuaji, "na wewe umepimwa lini?"

"Mimi? Nipimwe nini? Tazama kiuno hiki! Mkanda unazunguka mara mbili na kubaki! Hapa kitambi kiko w..."

Wakanitazama wote, meno nje.

Msimulizi akinaswa na hadithi yake mwenyewe hulipa, na Tabu alikuwa ameshanishikia viatu. Wakanisindikiza mpaka zahanati wakiimba njia nzima. Nikakaa, nikafumba macho, nikamnyooshea sista kidole. Damu haina kitambi.