Amri ya Mwenyekiti Shigela

Mwenyekiti Shigela alikitamani kiwanja cha wodi ya wazazi ajenge baa yake. Kijiji kilikuwa kipige kura Jumamosi kuchagua wodi au baa, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, karibu wote na watoto wachanga. Basi akatoa amri: aliyebeba mtoto haingii ukumbini.

"Watoto wanapiga kelele," alisema. "Mlezi abaki analea. Hiyo ndiyo heshima yenu, mama zangu."

Nyamizi, mkunga mwenye ulimi laini, alipiga magoti. "Umetuheshimu, baba. Ila watu wabishi. Mwambie mgambo asimwonee mtu haya."

"Hata awe nani!" Shigela alicheka. "Umesikia, Ndaki?"

"Nimesikia, mwenyekiti," alijibu mgambo.

Jumamosi Shigela na wanaume wenzake walipiga soga mlangoni, wakiwacheka wanawake waliokuja na watoto mgongoni.

"Mmekuja kuchungulia?"

"Tumewasindikiza tu," alisema Nyamizi. Akamgeukia mumewe. "Baba Sana, mbeleko imelegea. Hebu nishikie mtoto niifunge."

Mumewe akampokea. Kila mke akamwomba mume wake vivyo hivyo, na mke wa Shigela akamkabidhi mapacha. Mbeleko zilipokwisha kufungwa, wanawake waliingia ukumbini, na Ndaki akauziba mlango kwa kifua chake.

"Nipishe!" alifoka Shigela, mapacha wakimlilia masikioni.

"Una watoto, mwenyekiti. Tena wawili."

Ndani, Nyamizi alikuwa ameshauliza wanaotaka wodi wanyooshe mikono, na siku hiyo kila mwanamke alikuwa na mikono mitupu.