Jicho la Kushoto la Kibuyu

Mwaka jana mjukuu wangu Mkawasi alichukua rula, penseli na kisu ili asawazishe macho ya kibuyu chake cha kuvaa usoni, maana la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia. Nilimnyang'anya kisu. Hapa Irindi hatukosei kukata, tunakata hivyo kwa makusudi. Sababu nitaieleza mara moja tu, kwa hiyo anayetaka kwenda kuchungulia sufuria aende sasa.

Zamani, kabla kibuyu hakijawa na macho, wafu walikuwa wakirudi nyumbani siku moja kila mwaka, baada ya kuvuna maharage. Walitoka kwenye pango lililo juu ya kijiji jua likichomoza, nyuso wazi, wakateremka kwa njia ile ile wanayopita mbuzi. Hakuna aliyewaogopa. Babu aliyekufa aliingia kwake, akakaa kwenye kigoda chake na kulalamika kwamba paa linavuja. Walikula, wakauliza habari za mifugo, na jua lilipogusa mlima wa magharibi waliaga wakarudi pangoni. Mlangoni alikaa Mwakio, mtu wa kwanza kufa katika nchi yetu, akisubiri hadi wa mwisho aingie. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba asizuiliwe mtu.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mghoi, mkulima hodari na mbishi kupita kiasi. Mtoto wake alikuwa mmoja, Wakesho, na homa ilimchukua akiwa na miaka saba. Mwaka wa kwanza Wakesho alirudi, akala viazi vitamu vitatu, akauliza kama mbuzi wake Kidoa amezaa. Jioni akaondoka. Mghoi alilia mwaka mzima, na mimi simlaumu.

Mwaka wa pili alikuwa ameshaamua. Jua lilipoanza kuteremka alimpandisha mtoto darini, kule tunakoweka kuni juu ya meko, akamfunika kwa mkeka na kumwambia anyamaze. Wafu wengine walipanda mlima. Mwakio akawatazama, akaona pengo.

"Hatuingii kama hatujatimia," alisema, akakaa juu ya jiwe, na wafu wote wakakaa pamoja naye.

Kesho yake moto uligoma kuwaka Irindi nzima. Watu walipekecha vijiti hadi viganja vikachubuka, na moshi haukutoka. Maharage yalibaki mabichi vyunguni. Siku ya pili watoto wachanga walianza kutetemeka, kwa kuwa baridi ya kwetu haina mzaha. Kila mtu alijua kuna nyumba imezuia mtu, ila hawakujua ni ipi. Mghoi alijua. Tena alipita kwa majirani akiuliza kwa sauti kubwa ni nani huyo mwenye roho mbaya kiasi hicho.

Siku ya tatu alimpelekea Wakesho kiazi kibichi, maana hakikuwepo kilichopikwa. Mtoto hakukigusa.

"Mama, yule mbuzi wangu anaitwa nani?"

"Kidoa, mwanangu. Jina ulimpa wewe mwenyewe."

"Sikumbuki. Jana nilikuwa nakumbuka." Akamshika mama yake mkono. "Na wewe nitakusahau?"

Mghoi alielewa hapo hapo. Nje ya pango mtoto alikuwa anaisha kidogo kidogo, na kule kumshikilia ndiko kulikokuwa kunammaliza. Alimbeba mgongoni, ingawa alishapita umri wa kubebwa, akapanda naye mlima mchana kweupe huku majirani wakitazama. Aibu ilimchoma, lakini hakuinamisha kichwa.

Mwakio hakumgombeza. "Leo tunaingia na hatutoki tena," alisema. "Ninyi mkiona uso hamwezi kuachia. Wewe ni wa kwanza tu, watakuja wengine."

Ubishi wa Mghoi ulifaa siku hiyo. Akamtua mtoto chini.

"Babu, kosa langu lisiwanyime wenzangu. Kama tatizo ni uso, ufunikwe."

"Utamjua kwa mwendo."

"Sitamjua. Siku hiyo watoto wetu walio hai nao watafunika nyuso, wapite nyumba kwa nyumba pamoja na wenu. Atakayesimama mlangoni atapewa chakula, na hataulizwa jina."

Mwakio alifikiri. "Sisi wazee tutabaki, tumeshakula vya kutosha. Watoto waje. Lakini wewe utaweza?"

"Sijui," alisema Mghoi. "Lakini nitafanya."

Kiunoni alikuwa na kibuyu cha maji na kisu cha kuvunia. Akakipasua kibuyu katikati, akachukua nusu moja na kutoboa jicho la kulia vizuri kabisa. Alipofika kwenye la kushoto aliona mtoto anamtazama, kisu kikateleza kikapanda juu. Wakesho alikivaa hivyo hivyo, akasema anaona vizuri. Wafu wakaingia pangoni, yeye akiwa wa mwisho. Mghoi hajafika nusu ya mteremko, moshi ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka kila paa.

Mwaka uliofuata, kabla ya siku yenyewe, aliwakatia vibuyu watoto wote wa kijiji. Kila kimoja alikipandisha jicho la kushoto, makusudi, ili asiweze kumtambua wake. Aliifanya kazi hiyo akilia, na aliimaliza.

Siku ikafika. Alisimama mlangoni na ungo wa viazi vya kuchemsha, akawapa watoto kimoja kimoja. Akakutana na mkono wa baridi. Kabla hajajizuia alikuwa ameshauwekea viazi vitatu. Ndipo alipoikumbuka ahadi yake. Akawaita wote waliokwisha kupita, akawaongezea hadi kila mmoja akawa na vitatu, ungo ukabaki mtupu. Watoto wakaondoka wakicheka, vibuyu vyote sawasawa. Penye zizi mmoja wao alisimama kidogo.

"Kidoa amenenepa," alisema, akawafuata wenzake.

Mghoi hakuita. Aliingia ndani akapuliza moto.

Na tangu siku hiyo, watoto wa Irindi huvaa vibuyu siku hiyo baada ya mavuno, wakapita nyumba kwa nyumba, wakapewa viazi vitatu kila mmoja, na hakuna anayewauliza majina. Nasikia huko mbali wapo wanaochonga maboga na kuyawashia taa ndani. Sina ugomvi nao, huenda nao wana Mghoi wao. Sisi tuna wetu, na nimesimama kwenye mlango wangu miaka mingi kiasi cha kujua mkono wa baridi ukoje.

Kwa hiyo, Mkawasi, mwaka huu rula ibaki kwenye mkoba. Jicho la kushoto likae juu. Ukifika kwangu nitakupa viazi vitatu, na sitakuuliza wewe ni nani.