Dirisha la Mapumziko

"Ufundi haupiti dirishani." Mmemsikia Fundi Nyamizi akimwambia hivyo mwenzenu aliyesimama mlangoni na simu, eti achukue picha akajifunzie nyumbani. Sasa mnanitazama mimi, kana kwamba mzee akiketi hana kazi nyingine ila kueleza. Haya, sogeeni. Kaeni kwenye huo ubao mrefu, nao umo katika habari hii. Msemo huu asili yake ni hapa hapa.

Makao haya tuliyajenga sisi wastaafu wa reli, tukayaita Mapumziko. Tulitaka mahali pa kulala kila mtu na chumba chake, baraza la kuotea jua la asubuhi, na karakana ya kufanyia kazi kidogo na kuwafundisha vijana wa mji kabla hatujaondoka na tunayoyajua. Mchoraji wa ramani, kijana mpole, alitukusanya akatuuliza mmoja mmoja tunataka nini. Wa miguu mibovu akaomba njia ya mteremko badala ya ngazi. Mimi niliyekuwa nikishona viti vya mabehewa niliomba mwanga. Ilipofika zamu ya karakana, mwenyekiti wetu Mama Perpetua, aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya reli, akasema, "Karakana iwe na dirisha. Kubwa, lenye kaunta ya mninga."

Tulipiga makofi. Nyinyi hamwezi kujua kwa nini. Maisha yetu yote tulisimama nje ya madirisha. Nyundo uliiomba dirishani stoo, mshahara ukaupokea dirishani, dawa dirishani, na hata tulipostaafu tulisimama juani kwenye dirisha la kiinua mgongo, aliye ndani akinywa chai. Kila mmoja wetu alitamani, walau uzeeni, awe upande wa ndani.

Mchoraji akauliza, "Na vijana wataingilia wapi?"

"Watakuja dirishani," Mama Perpetua akajibu, "kama tulivyokuja sisi."

Basi ikajengwa hivyo. Mlango wa karakana ukawekwa upande wa uani, na uani haingii mgeni bila idhini ya kamati.

Vijana walikuja, tena wengi. Walisimama kwenye kaunta, wakachungulia, wakachoka, wakaondoka. Waliobaki ni wenye viti vilivyovunjika na majembe yaliyolegea mipini. Wanaacha, wanarudi jioni kuchukua. Tulitafuta wanafunzi tukapata wateja. Tulifanya kazi kuliko tulivyofanya kwa mwajiri, na yule angalau alitupa likizo. Kuchoka kule sijakusahau. Usiku unalala, asubuhi unaamka nako.

Aliyeumia zaidi ni Mzee Kasanda. Alikuwa seremala, na katika useremala kazi yake ilikuwa kunoa misumeno. Mafundi wa mji mzima waliotaka kutupa misumeno yao walimletea kwanza. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, mwanzo kidogo, kisha hata kikombe akawa anakishika kwa mikono miwili. Alitaka jambo moja tu, mtu wa kumwachia ile kazi kabla mikono haijamkatalia kabisa.

Na mtu alikuwepo. Nyamizi, binti aliyekuwa akitengeneza madawati kwa msumeno alioachiwa na mjomba wake, alikuja dirishani kila alipopata nafasi. Kasanda alikuwa akiubana msumeno kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma, ananoa, kisha anauinua amwoneshe meno. Nyamizi anatikisa kichwa kukubali, anakwenda nyumbani, anajaribu. Siku moja aliuleta msumeno wake ukiwa umeharibika, meno marefu kwa mafupi, hata ubao laini ulikuwa ukiushinda.

Kasanda akauweka kaunta. "Binti, nimekuonesha mara ngapi? Au unakuja kupoteza muda tu?"

"Siji kupoteza muda, babu," Nyamizi akasema taratibu. "Jiliwa liko kule ukutani. Wewe ukinoa, mimi naona mgongo wako."

Mzee akageuka kumwelekea. Akachukua tupa ya kunolea aige mwendo wake hewani, binti aone. Mkono ukatetemeka, tupa ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Akainama, mgongo ukagoma. Nyamizi akapenyeza mkono dirishani mpaka bega, asiifikie. Wakabaki wanaitazama tupa ile, yeye nje, mzee ndani.

Mama Perpetua alikuwa ananiletea uzi mle karakanani, akayaona yote. Kasanda akamwambia, "Mama, mfungulie mlango."

"Kamati haijakaa, Mzee Kasanda. Tukimfungulia huyu tumefungulia mji mzima. Watachezea zana."

"Wachezee. Mimi nilijifunza kwa kuchezea za mwenzangu."

"Na heshima yetu? Tumeitafuta tangu ujana."

"Nimechoka kuheshimiwa na mtu aliye nje," Kasanda akasema. "Mkono huu umebakiwa na nguvu ya kunoa msumeno mmoja, labda miwili. Wewe sema niimalizie wapi."

Mama Perpetua akaniwekea ule uzi mapajani. Kisha akaenda kufungua mlango wa uani.

Nyamizi aliingia, akaokota tupa. Kasanda akamsimamisha mbele ya jiliwa, akaulaza mkono wake juu ya mkono wa binti. Wakasukuma pamoja. Mkono wa chini ukautuliza wa juu. Walipofika katikati ya jino mzee akauliza, "Umeisikia tupa ilivyokwama, kisha ikakubali?"

"Nimeisikia."

"Hiyo ndiyo niliyokuwa nikikuonesha miezi yote hii." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, wala hakujaribu kuyaficha.

Kamati ilipokaa kumuuliza Kasanda kwa nini anataka ukuta wa dirisha ubomolewe, alijibu maneno matatu tu, "Ufundi haupiti dirishani." Hakuna aliyebishana. Wengine walikubali, wengine walikuwa wamechoka tu. Ukuta ukavunjwa, ukawekwa mlango mpana mnaopitia nyinyi, na majiliwa yakaletwa katikati ili mtu asimame pande zote. Ile kaunta ya mninga ndiyo mliyoikalia.

Ningependa kuishia hapo, lakini uongo sina nguvu nao. Ule msumeno mdogo uliotundikwa pale juu, wenye meno kama ya panya, ni wa Kasanda. Ulikata mbao bila kuacha unyuzi. Mikono ilimwishia nguvu kabla hajamfikisha Nyamizi kwenye kuunoa ule. Nyamizi amejaribu, mafundi wa mbali wamejaribu, hakuna anayejua aliunoaje. Wakati wa kumfundisha tulikuwa nao, tukauacha uishie pale kwenye kaunta.

Kwa hiyo mwambieni mwenzenu aweke simu mfukoni aingie ndani, na mmoja wenu anishikie hii sindano ya kushonea ngozi. Tangu juzi mkono wangu nao umeanza kutetemeka. Sogea, mjukuu wangu, weka kiganja chako chini ya changu. Ufundi haupiti dirishani.