Mkono wa Bwana Samaki

Paukwa!

Pakawa!

Palichimbwa bwawa!

Nasi tumekaa ukingoni, tusimulie!

Hapo zamani za kale alikuwapo Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto sita. Alichimba bwawa, akatia vifaranga vya perege, ili kiangazi kikija wanawe wasilale njaa.

Bwana samaki wa nchi ile, mwalimu wa wafugaji wa samaki, alikuwa Nyani. Siku moja akawaita wafugaji wote kwenye bwawa la Kiboko.

"Samadi huleta ukijani, na ukijani ndio chakula cha samaki," akasema. "Chovyeni mkono mpaka kiwiko. Kiganja kikionekana, ongezeni samadi. Kisipoonekana, acheni. Mmeelewa?"

"Tumeelewa!"

Bi Nguchiro hakuelewa vizuri, lakini nani atake kuchekwa na Kiboko? Naye akaitikia, tena kwa sauti kuliko wenzake.

Alipofika kwake akachovya mkono mpaka kiwiko. Kiganja akakiona. Akatia kapu la samadi.

Siku ya tatu akachovya tena. Maji ya kijani, kiganja bado anakiona. Akatia kapu la pili.

Siku ya sita maji yalikuwa mazito kama mlenda, na kiganja bado anakiona! "Makubwa haya," akasema. Akatia kapu la tatu.

Kulipokucha, perege walijaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Wengine wamelala ubavu.

Bi Nguchiro akashika kichwa. Kila neno amelifuata! Kosa liko wapi? Ni samadi? Ni maji? Au karogwa? Akalizunguka bwawa mara tatu, asijue anatafuta nini. Mwisho akaimeza aibu, akakimbia kumwita Nyani.

Nyani akaja amenuna. "Si niliwafundisha? Chovya nione!"

Akachovya. "Kiganja nakiona, Bwana Samaki."

Nyani akachovya wake. Haukufika hata nusu, kiganja kikapotea.

Wakatazamana. Kisha wakatazama mikono yao. Wa Nyani ulikuwa mrefu kama mwiko wa harusini. Wa Bi Nguchiro haukupita kidole cha Nyani.

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe, mbona hukuwahi kufika kwangu?"

Wakafungulia maji mapya ya mtoni, wakahangaika mpaka jua la utosi. Nusu ya perege walipona, nusu wakafa. Bi Nguchiro alilia sana. Kiangazi kile wanawe walikula siku moja, wakashinda njaa siku ya pili.

Basi, wewe unayefundishwa, usiseme umeelewa kwa kuogopa kuchekwa. Na wewe unayefundisha, usipime bwawa la mwenzio kwa mkono wako.

Hadithi yangu nimeifungulia mfereji. Atakaye, aikinge ifike kwake.